Mtu mwenye kichwa cha mnyama katika sanaa ya zama za mawe: je, kila mmoja alikuwa mganga?

MwalimuMalindi (mleta mada)

Wanajamvi, assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote wa Pwani na wa bara.

Kuna picha inayozungushwa katika makundi ya WhatsApp hapa Malindi. Inamwonyesha mtu aliyeinama kidogo kama mchezaji ngoma, mwenye pembe zilizotawanyika, masikio ya mnyama, ndevu ndefu, mkia, na macho ya mviringo yanayomkodolea mtazamaji. Chini yake pameandikwa kwamba huyo ndiye mungu wa kwanza kuabudiwa duniani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama ni kweli, na kwa kuwa jibu lenyewe halitoshi katika ujumbe wa simu, nimeonelea nilifikishe hapa jamvini.

Jambo la kwanza ni kwamba ile si picha ya kamera. Ni nakala iliyochorwa kwa mkono na kasisi Mfaransa, Henri Breuil, kutoka pango la Trois-Frères lililoko kusini magharibi mwa Ufaransa, pango ambalo liligunduliwa mwaka 1914 na ndugu watatu, wana wa Henri Bégouën. Mchoro wenyewe una urefu wa sentimita 75 hivi, uko juu ukutani, na umri wake unapita miaka 13,000. Sehemu yake imepakwa rangi nyeusi, na sehemu imechanjwa mwambani kwa mistari myembamba ambayo kamera haiikamati vizuri. Ndiyo maana mwanahistoria Ronald Hutton alidai kwamba pembe zile hazionekani katika picha za kamera na kwamba huenda Breuil alichora alichotaka kukiona, ilhali Jean Clottes, mtaalamu Mfaransa wa michoro ya mapangoni ambaye aliutazama ukuta wenyewe, alishikilia kwamba mistari ipo kwa mwenye kuimulika taa ipasavyo. Breuil mwenyewe alimwita kiumbe huyo mchawi, kisha baadaye akamwona kuwa mungu. Kwa hiyo mtu anayeipokea picha ile kwenye simu yake anapokea jicho la Breuil na fikra ya Breuil kwa pamoja, na ukuta hauoni kabisa.

Tumtazame sasa mkongwe zaidi, sanamu iitwayo Mtu-Simba, ambaye tunaweza kumzunguka pande zote. Tarehe 25 Agosti 1939, wiki moja kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza, wachimbaji katika pango la Stadel, mlima Hohlenstein, kusini mwa Ujerumani, waliokota vipande vipatavyo 200 vya pembe ya mamothi, yule ndovu wa kale mwenye manyoya. Kazi ilikatizwa na vita, vipande vikawekwa stoo katika mji wa Ulm, na vikakaa huko hadi mwaka 1969, mwanaakiolojia Joachim Hahn alipoanza kuviunganisha na kuona sura ikijitokeza mikononi mwake. Uchimbaji uliorudiwa mahali pale pale baada ya mwaka 2008 ulitoa vipande vingine, na leo Mtu-Simba anasimama katika jumba la makumbusho la Ulm akiwa na kimo cha sentimita 31 na umri wa miaka ipatayo 40,000.

Ukimtazama kwa karibu, kichwa ni cha simba wa mapangoni, masikio yamesimama kama ya mnyama aliyesikia kitu. Shingo inashuka katika mwili wa mtu aliyesimama wima, miguu imeachana, na mikono imelala ubavuni. Juu ya mkono wa kushoto kuna chanjo saba zinazokwenda sambamba, zilizokatwa kwa makusudi. Hahn alidhani ni mwanamume, mtafiti Elisabeth Schmid akasema ni mwanamke, na ukosefu wa manyoya ya shingoni hausaidii kuamua, kwa sababu simba madume wanaoonekana katika michoro ya mapangoni ya Ulaya hawana manyoya hayo vilevile. Alikutwa katika kijichumba cha ndani kisichofikiwa na mwanga wa jua, pamoja na meno ya mbweha yaliyotobolewa. Mtu aliyejaribu kuchonga mfano wake kwa zana za mawe alitumia zaidi ya saa 300. Kazi ya muda mrefu hivyo, katika nchi iliyokuwa na baridi kali na watu wachache, haikuwa ya kupitisha wakati.

Sasa, je, ni mganga aliyejigeuza simba? Maelezo hayo ndiyo yanayopendwa zaidi, na ni vizuri mfahamu yalikotoka. Yalitoka kwetu Afrika. Katika miamba ya Game Pass, eneo la Kamberg katika milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, Wasani, wale wawindaji wa kale wa kusini mwa Afrika, walimchora pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, akiwa katika kufa: kichwa kimeinama, nywele zimesimama, miguu ya nyuma imepishana. Nyuma yake yuko mtu anayeushika mkia wake, na miguu ya mtu huyo nayo imepishana vilevile, tena inaishia katika kwato. Mwanaakiolojia David Lewis-Williams aliunganisha mchoro huo na simulizi za Wasani zilizoandikwa na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd huko Cape Town katika miaka ya 1870, pamoja na ngoma za uganga za Wasani wa Kalahari ambao waganga wao hutetemeka, hutoka damu puani na huanguka kama waliokufa. Akasema kwamba mganga anayepagawa na pofu anayekufa vimechorwa kama jambo moja.

Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa imesimama juu ya maneno ya watu wenyewe. Lakini mwaka 1996 Lewis-Williams na Clottes waliivusha bahari na kuitumia kueleza mapango ya Ufaransa, ambako hakuna Bleek wala Lloyd aliyewahi kuketi na mchoraji yeyote. Ninaona kwamba walichukua ufunguo wa nyumba moja na kuujaribu katika kila mlango wa mtaa. Na hata katika nyumba yenyewe, ufunguo haugeuki kwa urahisi. Mwishoni mwa mwaka 1873, afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Joseph Orpen, aliongozwa katika milima ya Maloti, Lesotho, na kijana Msani aliyeitwa Qing. Alipomwuliza kuhusu watu wenye vichwa vya paa waliochorwa huko Melikane, Qing alisema kwamba hao walikuwa watu waliokufa, ambao sasa wanaishi mitoni, na kwamba waliharibika wakati mmoja na pofu, kwa zile ngoma ambazo picha zake Orpen alikuwa ameziona. Lewis-Williams anasema "kufa" huku ni kupagawa. Mtafiti mwenzake Anne Solomon anasema kufa ni kufa, na kwamba waliochorwa ni mizimu. Wote wawili wanasoma maneno yale yale, tena maneno yaliyopita katika lugha zaidi ya moja kabla ya kufika kwenye karatasi ya Orpen.

Msimamo wangu ni kwamba palipo na ushuhuda wa wenyewe, tuufuate na tubishane juu yake. Pasipo na ushuhuda, tueleze tunachokiona na tusikimbilie kumpa kiumbe kazi. Karibuni.

FundiLangoni (Lamu)

Maalim, waaleikum salaam. Mimi ni fundi wa nakshi za mbao, na pembe sijaichonga wala siruhusiwi, lakini wazee wetu waliijua kazi hiyo, na siwa ya pembe ya Pate, lile baragumu la kale, ni ushahidi unaotosha.

Ninataka kuongeza jambo ambalo waandishi hulipita haraka. Pembe ya ndovu haichongwi popote utakapo. Upande wa mzizi ina uvungu, upande wa ncha ni nzito na imejaa, na umbo lake lote limepinda. Nimesoma kwamba aliyemchonga Mtu-Simba aliutumia uvungu huo kuachanisha miguu, na sikushangaa hata kidogo, kwa sababu fundi mwenye akili huanza kwa kuuliza kifaa chake kinataka kuwa nini. Maana yake ni kwamba alikuwa ameshaamua, kabla ya kukata, kwamba kiumbe huyu atasimama wima kama mtu. Wapo waliowahi kusema kwamba huyo ni dubu tu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa jicho la fundi siliafiki hilo, kwa kuwa mtu anayetaka dubu hahangaiki kuupata wembamba wa kiuno na urefu wa miguu ule.

Kuhusu kazi yake katika jamii sina la kusema. Lakini inasemekana mwili wa sanamu umelainika kwa kushikwashikwa. Kitu kinachoshikwa na wengi hakikuwa siri ya mtu mmoja.

Msomaji_Barani (Malindi)

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, ila ninaona umeruka maelezo yaliyo mepesi kuliko yote, nayo ni vazi. Wawindaji wa sehemu nyingi za dunia wamejulikana kuvaa ngozi na vichwa vya wanyama ili wayakaribie makundi bila kushtukiwa. Mchoraji akimwona mwenzake amevaa kichwa cha paa na kumchora hivyo hivyo, hapo hapana mungu, hapana mganga, hapana mzimu. Ni habari ya kuwinda.

Na usiseme kwamba huo ni ubunifu wa mezani, kwa sababu vazi lenyewe limepatikana. Katika eneo la Star Carr, kaskazini mwa Uingereza, mwanaakiolojia Grahame Clark alichimba kati ya mwaka 1949 na 1951 na kufukua mafuvu 21 ya kulungu wekundu yakiwa bado na sehemu za pembe zake, yamepunguzwa uzito na kutobolewa matundu kana kwamba yafungwe kichwani. Umri wake ni miaka ipatayo 11,000. Ikiwa watu walikuwa na vitu hivyo mikononi, kwa nini tupande mlima mrefu kutafuta maelezo mengine?

MwalimuMalindi

Ndugu yangu wa Barani, hoja yako ni nzuri na Star Carr inastahili kutajwa katika kila mjadala wa jambo hili. Hata hivyo vazi linaeleza kichwa na ngozi. Halielezi mwili wote. Mtu wa Game Pass ana kwato mahali pa nyayo, na hakuna mwindaji anayejifunga kwato ili akimbie vizuri zaidi. Katika michoro mingine ya Drakensberg watu wana nywele zilizosimama mwilini, na wengine wanatokwa na mistari puani. Hayo si ya kuvaa.

Tena liko suala la mahali. Katika pango la Lascaux, Ufaransa, lililogunduliwa Septemba 1940, mchoro wa mtu mwenye kichwa cha ndege haumo katika ukumbi mkubwa wa mafahali. Umo chini ya shimo refu ambalo mtu hulishukia kwa tabu. Amelala chali kwa kuinama, mikono yake ina vidole vinne vinne, mbele yake yuko nyati wa Ulaya ambaye matumbo yamemtoka, na pembeni kuna fimbo yenye ndege juu yake. Aliyechora nyati yule alikuwa na mkono wa hali ya juu, kwani mnyama amejaa uzito na hasira. Mtu amechorwa kwa mistari michache mikavu, kama mtoto anavyochora. Kwa hiyo fundi aliweza na hakutaka, na kwangu mimi hilo linashangaza kuliko hicho kichwa cha ndege. Vazi la kuwindia haliwezi kutuambia kwa nini mnyama alistahili kuchorwa vizuri na mtu hakustahili.

Sikatai kwamba vazi na imani vinaweza kukaa pamoja. Hata mafuvu ya Star Carr wataalamu hawajakubaliana kama yalikuwa ya kuwindia au ya kuchezea ngoma.

BintiSiyu (Lamu)

Mwalimu na Fundi wangu, shikamooni. Ninaomba niutazame upande mwingine wa jambo, yaani watu wasiochora.

Sisi wa visiwani tumelelewa na viumbe wa namna hii. Bibi zetu walitusimulia habari za nguva, mwanamke nusu na samaki nusu, na wavuvi waliowahi kumnasa mnyama mwenyewe wavuni walirudi na hadithi zaidi. Tumesikia pia habari za mwanamke mzuri anayetembea usiku, ambaye buibui lake likipeperushwa na upepo huonekana kwato. Hakuna mtoto wa Pwani asiyemjua huyo. Lakini ukipita mitaa ya Lamu kutoka Mkomani hadi Langoni, ukaangalia milango, vidaka na viti vya enzi, utakuta maua, majani, minyororo na maandishi. Nguva humkuti, wala mwanamke mwenye kwato.

Sasa, mwanaakiolojia atakayefukua mji wetu baada ya miaka 5,000 ataandika nini? Ataandika kwamba watu wa Lamu walipenda mimea na hawakuwahi kumfikiria kiumbe aliye nusu mtu na nusu mnyama. Atakuwa amekosea kabisa, kwa sababu kilichochongwa kilichaguliwa na dini, adabu na desturi ya mafundi, na kilichosimuliwa kilikwenda njia yake. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba watu wa zama fulani "hawakuwa" na dhana ya watu-wanyama kwa kuwa hawakuacha picha, ninasita. Na kinyume chake pia: waliomchonga Mtu-Simba huenda walikuwa na mamia ya viumbe vinywani mwao, na huyu mmoja ndiye aliyeruhusiwa kupewa mwili.

MzeeMkomani (Lamu)

Mwanangu wa Siyu, marahaba. Umesema vyema, lakini usivisahau vyombo vya baharini. Mitepe, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari, ilikuwa na omo ndefu ambayo wazee walisema ni shingo na kichwa cha ngamia, na ilichorwa macho kila upande. Hata leo yako mashua hapa yenye macho mbele. Basi chombo kilipewa uso na hakuna aliyenung'unika, wala hakuna aliyesema kimeabudiwa. Ukimwuliza nahodha, atakwambia ni desturi ya chombo, kisha atakuuliza wewe una haja gani.

Huyo mwanaakiolojia wako wa miaka 5,000 akiliokota jicho moja la mashua, ndipo atakapoandika kitabu kizima.

Kijana_wa_Ngomeni (Malindi)

Shikamooni wazee. Mimi nina maswali mawili kwa Mwalimu. La kwanza, nimesikia kwamba michoro ya Indonesia sasa ni mikongwe kuliko Mtu-Simba. Je, kuna watu-wanyama humo? La pili, kwa nini tunazungumzia Ujerumani na Ufaransa ilhali hapa Kilifi tuna pango la Panga ya Saidi? Hakuna kitu kama hicho humo?

MwalimuMalindi

Marahaba, kijana. Naam, wapo. Katika kisiwa cha Sulawesi kuna pango liitwalo Leang Bulu' Sipong 4, ambalo mchoro wake una upana wa mita 4.5. Ndani yake nguruwe mwitu na nyati wadogo wa kisiwa hicho, waitwao anoa, wanakabiliwa na viumbe wadogo wasiopungua wanane walioshika vitu kama mikuki au kamba. Mmoja ana mkia, na mwingine ana kitu kama mdomo wa ndege. Mwaka 2019 kundi la Maxime Aubert na Adam Brumm lilipima urani iliyomo katika ukoko wa chokaa uliojenga juu ya rangi, na kupata umri usiopungua miaka 43,900. Upimaji mpya wa mwaka 2024 uliusogeza hadi miaka 48,000 na zaidi. Kinachopimwa ni ukoko, si rangi, na kwa hiyo mchoro ni mkongwe kuliko namba yenyewe. Wanaopinga wanauliza kama wanyama na viumbe wale walichorwa siku moja, kwa sababu bila hilo hapawi na kisa cha kuwinda. Pia viumbe ni wadogo mno na wamebabuka, na mtu huweza kuuona mdomo wa ndege mahali ambapo pana rangi iliyomwagika. Ninaikubali tarehe kwa moyo mweupe kuliko ninavyoukubali ule mdomo.

Ama Panga ya Saidi, humo hakuna mtu-mnyama. Kumepatikana shanga za magamba ya baharini zenye umri unaopita miaka 60,000, vipande vya udongo mwekundu vilivyotumika, na kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Habari zake zilitangazwa Mei 2021. Wengine husema unyevu wa Pwani ndio uliofuta michoro yetu, lakini Sulawesi nayo ina mvua, ina joto na ina miamba ya chokaa, na michoro imebaki. Ninaona jibu la BintiSiyu ni bora: watu waliomlaza mtoto wao kwa uangalifu ule walikuwa na mengi ya kusema, na waliyasema kwa njia isiyokuwa ukuta.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, nenda na akili yako Tanzania. Michoro ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 na ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, inajulikana kwa watu wake warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Kisha mwaka 2018, katika hifadhi ya Swaga Swaga, mtafiti Maciej Grzelczyk alikuta mwamba uitwao Amak'hee 4, wenye viumbe watatu wenye miili ya watu na vichwa vinavyofanana na vya nyati. Jirani na hapo wanaishi Wasandawe, ambao hadi sasa wana ngoma ya simbó, na katika ngoma hiyo watu hupagawa na kuwa simba. Msomaji mwenye haraka atasema mambo yameisha: ngoma ipo, kupagawa kupo, mchoro upo.

Lakini katika simbó mtu huwa simba, na walioko mwambani wana vichwa vya nyati. Imani ya leo ya Wasandawe haina watu wenye vichwa vya nyati. Grzelczyk mwenyewe aliitaja tofauti hiyo badala ya kuificha, na kwa sababu hiyo ninamwamini zaidi. Atakayetaka kunishawishi kwamba wale watatu ni waganga itambidi aeleze kwanza ni lini, na kwa sababu gani, nyati aliondoka na simba akachukua nafasi yake.